Mnada wa Saa Nane

Nyumba ya kumi na mbili ilikuwa na kasoro ndogo: saa nane kamili mchana, ukuta wa sebuleni ulilia mara moja, ko! kama nyundo ya dalali.

Mwenye nyumba hakujali. Nyundo ndizo zilizomtajirisha. Benki ikinadi nyumba ya mtu, yeye yuko mstari wa mbele, mkono juu, miwani nyeusi usoni. Walimwita Tai. Nyumba kumi na mbili, na godoro ni moja, akihamahama nalo kama paka na kitoto chake pekee. Hii ya mwisho ilikuwa ya dada yake.

“Nisingenunua mimi, angenunua mwingine,” alisema. Biznesi, eti.

Siku ya pili ilikuja na harufu ya nywele zilizoungua, na sauti: “Mwanamume mmoja, anauzwa kama alivyo. Nani anamtaka? Mara ya kwanza!” Ko!

Siku ya tatu akasikia viti vikiburuzwa na watu wakikohoa, na sebule haina hata kigoda. “Mara ya pili!” Ko!

Akamleta mganga. Mganga alisikiliza ukuta, akafunga mkoba wake.

“Mtoe huyo aliyemo ukutani, mzee wangu. Nitalipa.”

“Huyu simtoi. Ni dalali, anauza kwa utaratibu, kama wewe unavyonunua. Ndugu wa damu akisema anakutaka kabla ya mara ya tatu, mnada umevunjika.”

“Nikihama je?”

“Kwani inauzwa nyumba?”

Siku ya nne, dakika mbili kabla ya saa nane, alimpigia dada yake, huku viti visivyoonekana vikijipanga nyuma yake kimoja kimoja na ile harufu ikimpanda kooni mpaka maneno yakamtoka kwa kunong’ona, “Dada, sema unanitaka, neno hilo tu, nakuomba.”

Watoto walisikika wakigombana katika kile chumba kimoja alichopanga dada.

“Siku ile mnadani,” dada alisema taratibu, “mkono wako ulipopanda, nilidhani umekuja kutukomboa. Nilipiga makofi, kaka. Mimi peke yangu, mbele za watu.”

“Dada...”

Dada akalia kidogo, akapenga kamasi, akameza hasira yake yote, maana damu ni damu, akafungua kinywa aseme.

Ko!

Alichelewa pumzi moja.

“Kaka? Nakutaka. Kaka?”

Kutoka nyumba ile tupu, simuni, dada alisikia makofi ya watu wengi.