Bahasha ya Muuza Nyanya

Kila atokapo shule, Kiherehere, kama binti huyu anavyotaniwa nyumbani, hupanda ngazi hadi ofisi ya mama yake, chumba kimoja juu ya duka la viatu. Hufagia, hupanga majalada, kisha hufanya hesabu zake kwenye kiti cha wateja. Mama yake ni wakili. Hutetea walioshtakiwa kwa makosa ya jinai.

Siku moja mama akiwa mahakamani, aliingia bibi mmoja muuza nyanya. Mwanawe, aliyetetewa na mama, alikuwa ameshtakiwa kwa kuiba pikipiki.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ada nilishamaliza, lakini mpe mama bahasha hii. Akimtoa mwanangu kesho, nitaleta nyingine."

"Ondoa shaka, bibi. Mama hashindwi!" alijibu Kiherehere, kifua mbele.

Mama aliporudi na kusimuliwa yote, hakuifungua bahasha.

"Nani kakwambia nauza ushindi?"

"Lakini mama, dari linavuja!"

"Liache livuje. Kazi nilishalipwa, na stakabadhi nimetoa. Wakili akiahidiwa donge la kushinda, kesho atamfundisha shahidi uongo. Nawe umeahidi jambo lililo mikononi mwa hakimu. Irudishe mwenyewe."

Sokoni, muuza nyanya alipoiona bahasha, aliacha kupanga nyanya. "Ameikataa? Basi amekata tamaa na mwanangu!"

Kiherehere alitamani kuahidi tena. Akajizuia.

"Hapana, bibi. Nilikosea mimi. Atakavyoamua hakimu, hakuna ajuaye. Ila mama amekwenda gereji mara tatu kumtafuta fundi aliyekuwa na mwanao siku pikipiki ilipoibwa. Kesho atasimama na mwanao mahakamani, ashinde asishinde. Hiyo ndiyo kazi uliyomlipia."

Bibi akaitia bahasha kifuani. "Haya. Leo umesema kama mtu mzima."

Kesho yake fundi alitoa ushahidi, na kijana akaachiwa huru. Jioni bibi alipanda ngazi akihema, kapu la nyanya kichwani.

"Hili nalo utalikataa?"

"Nyanya sikatai," mama alicheka, akifungua pochi. "Nipimie kilo mbili, kwa bei ya sokoni."

Bibi alipoondoka, mama alimgeukia bintiye. "Jasho lina kipimo, mwanangu, ushindi hauna. Chukua malipo ya kazi uliyoifanya, wala usiahidi usichokimiliki. Haya, osha nyanya tupike."