Diski ya Tatu

"Mvua inanyesha Lambwe."

Nyanchama alikuwa kanisani alipoisikia redioni sauti ya mkuu wake wa polisi, Gisiri. Fumbo hilo lilikuwa na maana moja: mtu ameingia chumba cha mitambo ya kompyuta, Homa Bay.

Alitoka na gauni lake jeupe la Sabato, bastola ya Glock mkobani kando ya Biblia. Subaru ikala lami.

Mtambo wa humo ulihifadhi picha za kamera za ufukwe wa Karungu, miezi minne ya maboti yakishusha bunduki. Ushahidi mwingine haukuwapo. Picha zikipotea, Jumatatu mwenye bunduki hizo angetoka mahakamani Migori akipiga mluzi.

Gisiri alikuwa ameagiza diski zipangwe kwa mfumo wa RAID 5: diski moja ikifa, data inabaki, mbili zikifa, kwaheri. Nyanchama alibisha hadi koo likakauka. Diski zote nane, za aina ya SSD, zilinunuliwa pamoja na zingechakaa pamoja. Moja ikichoka, mwenzake hayuko mbali. Alitaka RAID 6, inayostahimili vifo viwili, hata kama inaandika polepole kidogo.

"Amri ni amri," Gisiri alisema.

Nyanchama akaitikia, kisha akapanga RAID 6. Hakumwambia mtu.

Mlango ulikuwa wazi.

Okari, fundi wao wenyewe, alisimama mbele ya mtambo na nyundo mkononi. Miguuni pake, diski mbili zilizopondwa.

"Madam? Si leo ni Sabato? Nyinyi hamguzangi kazi!"

"Ng'ombe akianguka kisimani, tunamtoa hata Sabato."

Okari akacheka. "Umekam late. Hiyo karatasi ya amri ya RAID 5 nilichapa mimi mwenyewe. Mbili zimeenda, data imeenda."

"Tazama skrini."

Taa mbili zilikuwa nyekundu. Lakini kwenye skrini boti lilikuwa likishusha makasha Karungu, namba yake ikisomeka vizuri.

Kicheko kikamkauka. Macho yakaruka kwenye diski ya tatu. Mkono ukafuata.

Risasi ikang'oa nyundo.

"Hiyo huigusi."

Pingu zikalia. Nyanchama alichomeka diski mbili za akiba, za kiwanda kingine, akangoja hadi mtambo ulipoanza kuzijaza. Ndipo akashika redio.

"Data?" Gisiri aliuliza.

"Yote iko, mkubwa, ingawa Okari ameponda diski mbili."

"Diski mbili zimekufa. Kwa RAID 5 haiwezekani."

"Haiwezekani kabisa."

Gisiri akapandisha sauti.

"Nyanchama, uliivunja amri yangu?"

"Niliivunja. Toa nyingine kama hiyo, nitaivunja tena."

Akazima redio, akamsukuma Okari mbele yake kuelekea kwenye gari.