Soksi za Bimkubwa

Umewahi kuvua viatu mahali ambapo hakuna aliyekwambia uvue?

Bimkubwa alivua. Mama huyu wa Unguja, mkaazi wa Sterling, alikwenda na darasa lake la Kiingereza kutazama mtaa wa zamani wa Mayahudi mjini Washington. Ilikuwa Jumanne, Machi 1999. Saa nne kamili asubuhi, barabara bado kavu, waliingia sinagogi moja ya matofali mekundu. Mlangoni akaacha viatu vyake vyeusi, akabaki na soksi za sufu.

"Mama, hapa si msikiti!" Séraphine akamcheka. Huyu ni mjane wa Bukavu, anatunza wazee huko Fairfax.

"Nyumba ya Mungu ni nyumba ya Mungu. Zulia kama hili silikanyagi na viatu, ng'o."

Theluji ikaanza kuanguka. Wakapanda roshani walikokuwa wakikaa wanawake zamani, isipokuwa Séraphine, aliyekwenda msalani. Waliporudi ukumbini saa tano na robo, Rivka, aliyekuwa akiwatembeza, akapiga ukelele. Katika kabati la kioo, alilosahau kulifunga baada ya kuwaonyesha, kijiti cha fedha hakimo. Ni kile chenye mkono mdogo nchani, ambacho msomaji wa Taurati hufuatishia mistari.

"Asitoke mtu. Naita polisi." Macho yake yalikuwa kwa Séraphine.

Séraphine akamshika Bimkubwa kwa vidole vya barafu. "Mama, sikukamata kitu. Juma ijayo niko na kesi ya makaratasi. Polisi wakiandika jina yangu, watanirudisha kwa wale waliua bwana yangu!"

"Tulia, mwanangu."

Bimkubwa akasogea kabatini, akasita. Unyayo umerowa. Akainua mguu: soksi imeshika maji na chembe za chumvi. Akainama akapapasa viatu vya Séraphine, kisha vya Rivka, kisha vya darasa zima. Vikavu vyote.

"Nani katoka nje tangu theluji ianze?" akauliza kwa Kiingereza chake cha kuokota.

"Anatoli tu, mlinzi," Rivka akajibu. "Anamwaga chumvi ngazini watu wasiteleze."

Akaitwa. Mzee wa Kirusi, koti limefungwa hadi kooni.

"Umeingia humu, mzee mwenzangu?"

"Sijaingia. Tangu asubuhi niko ngazini."

"Tazama hapo uliposimama. Maji na chumvi. Na hapa kabatini, maji na chumvi."

"Labda ni huyo mama aliyetoka," akamnyoshea Séraphine kidole.

"Shika viatu vyake mwenyewe."

Hakushika. Séraphine akajificha nyuma ya Bimkubwa.

"Ukinyamaza, huyu anarudishwa akauawe," Bimkubwa akasema. "Wewe kwenu ulikimbia nini?"

Mzee akafungua koti taratibu. Fedha ikang'aa.

"Anatoli!" Rivka akashika kifua. "Ulitaka kukiuza?"

"Kuuza? Kesho kinapelekwa makumbusho. Ningekaa nacho leo tu, nikirudishe jioni. Uliposema polisi, nikaogopa, kama kule kwetu. Baba yangu alikuwa na mkono wa fedha kama huu. Polisi wa kule walimkamata mimi sijafika mstari wa pili wa Taurati."

"Sasa ulitaka nini?"

Akamtazama Séraphine kwanza, kwa haya, kisha akamgeukia Rivka.

"Miaka sita nimesimama mlangoni penu nikishindwa kulisema. Nilitaka mnifundishe kusoma."