Usukani Uliozoea Mikono

Kaa. Hapo hapo ulipo, usihangaike kutafuta kiti kizuri. Simu igeuze kifudifudi, na usinikatize kuniuliza kama ni kweli, maana nikimaliza mimi ndiye nitakayekuuliza wewe.

Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja, watu walimwita Spoki kwa ajili ya wembamba. Jamaa akikaa ubavu unajiuliza chakula anakiweka wapi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Nusu ya chumba ilikuwa yake: grisi, minyororo, tairi zinaning'inia. Nusu nyingine ya mkewe, mshona nguo, cherehani kaiweka karibu na mlango apate mwanga. Katikati walichora mstari wa chaki. Grisi ikivuka mstari, Spoki siku hiyo chai anaisikia harufu tu.

Siku moja asubuhi akaja bibi mmoja anasukuma baiskeli ya zamani, nyeusi, nzito kama amebeba mlango. Usukani umepinda upande mmoja.

"Ilikuwa ya marehemu baba yangu," bibi akasema. "Nyoosha huo usukani. Usiutoe, usiubadilishe. Nyoosha tu."

"Bibi yangu, hii kazi ndogo. Ukigeuka tu, tayari."

"Sijakuuliza ukubwa wa kazi. Nimesema usiutoe."

Akaondoka.

Spoki akaiegemeza ile baiskeli, gurudumu la mbele likaangalia ukuta. Akaenda kutafuta nyundo. Kurudi, usukani umegeuka, unamwangalia mkewe. Akaurudisha ukutani. Akainama kuchukua bomba la kunyooshea, akainuka, usukani unamwangalia mkewe tena.

"Umeleta baiskeli au umeleta mchumba?" mkewe akamcheka. "Mbona inanikodolea?"

"Imeona mtu mzuri. Itakuwa imelegea tu."

Haikuwa imelegea. Kutu ilikuwa imeshikanisha kila kitu, usukani na ile shingo ya chuma inayoubana pale katikati. Kazi ya namna hiyo, fundi mwenye akili anamwagia mafuta, anaiacha hadi kesho. Lakini Spoki subira hana, alitaka kumaliza kabla ya chakula cha mchana. Akachomeka bomba, akavuta. Usukani ukalia kra, ukapasuka.

"Bibi si alisema usiutoe?" mkewe akauliza.

"Umejitoa wenyewe."

Akachukua msumeno wa chuma autoe kwa vipande. Alipofika katikati ikatoka harufu ya nywele zilizoungua, nzito, mpaka mkewe akafunika pua na kitambaa alichokuwa anashona. Ndani ya bomba kulikuwa na kitambaa kimeviringishwa, kimefungwa kwa nywele ndefu, kimezibwa na nta. Spoki akakivuta kwa waya.

"Wazee bwana! Uchafu walikuwa wanauficha popote."

Akakitupa kwenye kopo lake la kuchomea mabaki ya mipira. Kikaungua bila kutoa hata moshi. Na kengele ya ile baiskeli, ambayo hakuna mtu aliyeigusa, ikalia mara moja. Kri.

Wakaangaliana.

Sasa ikabidi atafute usukani mwingine kabla bibi hajarudi. Akamwomba mkewe uzi. Mkewe akaukata kwa meno, kama anavyokata siku zote. Spoki akauzungusha kwenye kipande cha usukani wa zamani, mara mbili, ndivyo anavyopima asikosee, akaukata pale miisho ilipokutana. Akatia uzi mfukoni, akang'oa na ile shingo ya chuma akaenda nayo, akazunguka maduka yote na majalala yote ya chuma chakavu. Usukani wa siku hizi mnene katikati, haupiti kwenye tundu. Mwembamba nao ukiuchomeka unazunguka. Akakata kipande cha kopo la soda, akaufungia, akakaza nati hadi meno yakauma, na bado usukani ukainama polepole kama kichwa cha mlevi.

"Kipimo hiki waliacha kutengeneza wewe hujazaliwa," muuza chuma chakavu akamwambia. "Na hebu kiondoe hapa. Mbona hii shingo yako inatoka jasho?"

Akarudi nyumbani saa saba mchana, jua la utosi, mtaa mzima umejifungia ndani. Kwa mbali aliona mlango uko wazi lakini cherehani haisikiki.

Mkewe alikuwa amekaa pale pale, mikono yote miwili ameinyoosha mbele.

"Mume wangu," akanong'ona, "nimeshindwa kuikunja."

Spoki akaishika. Ilikuwa baridi kama bomba lililolala nje, na pale viganja vinapoanzia ngozi ilikuwa imeanza kung'aa, mng'ao wa chuma kilichosuguliwa, na ilinuka kutu, na vidole vilikuwa vimejikunja kama vimeshika kitu ambacho hakipo, na Spoki, sijui nani alimtuma, akatoa ule uzi mfukoni akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wa mkewe, mara moja tu, na miisho ya uzi ikakutana pale pale, bila kuzidi, bila kupungua, na hapo mdomo wa mkewe ukafunguka na sauti iliyotoka haikuwa yake, ilikuwa kama mtu anaongea ndani ya bomba.

"Umebomoa nyumba yangu. Nimepata nyingine. Hii ina joto."

Bibi akarudi alasiri. Hakupiga hodi. Akaiangalia baiskeli, akaangalia kopo, akamwangalia mke wa Spoki.

"Umeutoa," akasema.

"Bibi, nisamehe. Nisaidie. Huyu anakula kwa mikono hii. Tunakula kwa mikono hii."

"Baba alimfunga huyo pepo humo miaka mingi iliyopita. Anataka bomba la kipimo kile kile, la umri ule ule, lililoshikwa na mtu mmoja kila siku mpaka likamzoea. Ukilifunga kwenye shingo yake, atahamia; nati ikilegea, atarudi kwenye mikono hii."

"Basi nitalitafuta!"

"Subiri, mwanangu. Hahami peke yake. Mikono iliyolizoea hilo bomba itamfuata ndani."

"Itamfuata vipi?"

"Usijifanye hujasikia, fundi."

Akatoka. Na Spoki akabaki amesimama pale, kwa sababu bomba hilo alikuwa analijua. Lilikuwa linapita mlangoni kwake kila siku.

Kaka yake mkubwa alikuwa muuza mikate, anaitembeza kwa baiskeli ya zamani, rika moja na ile ya bibi. Yeye ndiye aliyemlea Spoki wazazi walipokufa. Alimfundisha kuendesha kwa baiskeli hiyo hiyo ya mikate, anakimbia nyuma ameshika siti, anapiga kelele, "Sijakuachia, twende, sijakuachia!"

Kesho yake mchana kaka akafika, kreti la mikate nyuma. Spoki alikuwa ameshamlaza mkewe nyuma ya pazia, kitambaa mdomoni, ili yule wa ndani asiongee.

"Shemeji yuko wapi leo?"

"Kichwa kinamuuma. Kaka, usukani wako umechakaa huo. Ngoja nikuwekee mpya."

"Huu? Huu tumezeeka pamoja."

"Utakuangusha siku moja barabarani."

Kaka akacheka. "Haya bwana. Wewe ndiye fundi."

Akala mkate wake pale nje huku anasubiri, anapiga mluzi. Spoki akaufungua ule usukani, akamfungia mpya wenye shingo yake mpya, unang'aa, kaka akashukuru mara tatu akaenda zake. Halafu Spoki akairudisha ile shingo inayotoka jasho kwenye baiskeli ya bibi, akauingiza humo usukani wa kaka. Ukapita kama uliumbwa humo. Akakaza nati. Kengele ikalia. Nyuma ya pazia mkewe akatema kitambaa akapiga kelele, "Vidole! Vidole vinakunjika!"

Siku mbili cherehani haikunyamaza. Bibi hakuja kuchukua baiskeli yake, na hakuna aliyejua anakaa wapi. Ikabaki kwenye kona, usukani unaangalia cherehani.

Siku ya tatu Spoki akasikia kitu kinaburuzwa nje. Kaka yake anasukuma baiskeli kwa kifua. Mikono inaning'inia, imekuwa ya kijivu, inapigapiga mapaja kama mikono ya koti lisilo na mtu. Na anacheka, cheko la mtu aliyeona aibu.

"Mdogo wangu, usukani wako huu una nini? Nashika, sisikii. Leo nimemwomba mtoto wa jirani anifunge vifungo vya shati, mimi mtu mzima." Akaiona baiskeli kwenye kona, uso ukachanua. "Si wangu ule! Nirudishie bwana. Ule na mimi tunajuana."

Cherehani ikanyamaza. Mkewe akaficha mikono yake kwapani, akamwangalia mumewe.

Nati ni moja. Spana iko mkononi. Kaka anatabasamu pale mlangoni, anasubiri kama alivyosubiri juzi, na kule kwenye kona kengele inalia polepole, kri, kri, kama mtu anayebisha hodi na anajua kwamba atafunguliwa.

Haya, nimemaliza, sasa zamu yako. Spana ni yako: unalegeza, au unakaza?