Oringi ya Marehemu Wilmor

Rafiki yangu Orlin, mzamiaji wa kambakochi huko Puerto Lempira, akisimulia haya hutema mate mpaka leo. Walikuwa baharini, mtungi wake wa hewa ukaanza kuvuja. Oringi, kile kijimpira cha mdomoni mwa mtungi, imekatika, na akiba zimekwisha.

"Chomoa ya Wilmor," nahodha akasema, akimaanisha mtungi wa mzamiaji mwenzao aliyekufa, uliobaki ghalani. "Marehemu hapumui tena."

"Bosi, wewe nawe huna haya!"

Orlin akashuka ghalani hivyo hivyo. Gizani kitu kilikuwa kinatafuna taratibu, kwa mate mengi. Panya hao, akajipa moyo. Akaibandua oringi, kavu, imeganda chumvi, akaitia kinywani ilainike, kama wafanyavyo wazamiaji wote.

Akatapika. Ile oringi ilikuwa na joto, imejaa makohozi yanayonuka tumbaku. Meli nzima, aliyekuwa akitafuna tumbaku ni Wilmor peke yake.