Miguu ya Mgambo

Kipupwe kilipoingia Boko, Editha alianza kujifunika shuka mbili. Akamwonea huruma na mbwa wake, Mgambo.

"Mie nimejifunika, yeye analala kwenye sakafu tupu," alimwambia mumewe.

Akachukua mifuko mitupu ya saruji, akaikunjua, akamtandikia mbwa barazani. Kupata mifuko haikuwa taabu. Mumewe, Venance, hufyatua matofali hapohapo uani, na kila siku humaliza mifuko mitano au sita.

Mgambo alikipenda kitanda chake. Kila asubuhi alishuka, akakatiza kwenye maji yanayochuruzika kutoka kwenye matofali mabichi, kisha akarudi kulala na miguu iliyolowa juu ya mifuko ileile.

Baada ya wiki mbili akaanza kuchechemea. Editha aliinua mguu mmoja akautazama. Ngozi ya chini ilikuwa imepasuka, na katikati ya vidole palikuwa pekundu.

"Baridi hiyo," alisema Venance. "Hata mie miguu hunipasuka kila kipupwe."

Akaenda kwa fundi magari, akarudi na kopo la oili chafu. Akampaka mbwa miguu yote minne. Tusimcheke sana, maana hiyo ndiyo dawa ya mtaa mzima. Mbwa ana kupe, oili chafu. Ana upele, oili chafu. Ana kidonda, oili chafu hiyohiyo.

Mgambo alijilamba miguu mchana kutwa. Kesho yake alisusa ugali na dagaa. Mate yakawa yanamtoka. Editha alipotaka kumshika mguu, Mgambo alimrukia, meno yakanasa kwenye kitenge. Mwili haukuguswa, lakini Editha alipiga ukelele uliomleta jirani yao, Mzee Mfaume, mjumbe wa eneo lile. Mzee alisimama nje ya geti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuna nini? Mbona mbwa anatoka mate?" Alimtazama Mgambo kwa muda. "Mwanangu, hicho ni kichaa cha mbwa. Huyu auawe leo."

"Hajamng'ata mtu, mzee."

"Tusubiri amng'ate? Mtaa huu una watoto."

Mzee alikuwa na haki ya kuogopa. Lakini Mgambo alimlea mwenyewe, kwa maziwa ya kijiko, na moyo ulimuuma kama anaambiwa habari za mtoto.

"Nipe mpaka jioni. Nimpigie afisa mifugo wa kata."

"Mpaka jioni tu. Na mtu yeyote asimsogelee."

Afisa mifugo alifika saa tisa, kwa pikipiki yake mwenyewe. Anaitwa Shaima. Baba yake ni yule Mwarabu mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale barabarani. Alikuwa amejifunga hijabu vizuri na kuvaa buti za mpira. Editha alisita kidogo.

"Samahani, daktari. Wewe ni Mwislamu. Mbwa utamshika?"

Shaima akacheka. "Glovu ninazo, na maji ya kujitwaharisha yapo. Mgonjwa ni mgonjwa, dada. Kwanza nionyeshe kadi yake ya chanjo."

Kadi ilikuwepo. Mgambo alichanjwa dhidi ya kichaa Septemba iliyopita. Shaima akaomba bakuli la maji, akalisukuma kwa fimbo mpaka karibu na mbwa. Mgambo akanywa taratibu, huku akimtingishia Editha mkia.

"Dalili ni nzuri, mwenye kichaa hushindwa kumeza maji," alisema Shaima. "Lakini mbwa akibadilika tabia hatubahatishi. Afungwe peke yake siku kumi, nami nitapita kumwangalia. Na angekuwa amekung'ata, ungeosha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika kumi na tano, kisha ukakimbilia hospitali. Sasa niambie, analala wapi?"

Editha akamwonyesha. Shaima akainama, akakung'uta mfuko mmoja. Vumbi la kijivu likaruka.

"Dada, soma hapa ubavuni."

Editha alisoma polepole, kwa sauti. "Saruji huunguza ngozi. Vaa glovu na buti. Ikikugusa, osha kwa maji mengi."

Mifuko hiyo aliitandika kwa mikono yake mwenyewe.

"Nimemtandikia moto," alisema, na machozi yakamtoka.

"Ulitaka apate joto," alisema Shaima. "Vumbi la saruji likikutana na miguu iliyolowa, linakuwa kali kama magadi. Linaunguza ngozi mpaka inapasuka. Akijilamba, mdomo nao unaungua. Na hiyo oili chafu ni sumu, ameila. Ndiyo maana mate yanamtoka."

Venance akaacha matofali yake, akasogea. "Daktari, si kipupwe? Hata mie..."

"Hebu vua ndala, braza."

Venance akavua. Visigino vyake vilikuwa na nyufa, na katikati ya vidole palikuwa pekundu.

"Baba yangu kauza saruji miaka thelathini," alisema Shaima. "Mikono yake naijua. Wewe na Mgambo mnaumwa ugonjwa mmoja."

Alimfunga mbwa mdomo kwa kitambaa laini. Akaiosha miguu kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo mpaka oili ikatoka yote. Akaisuuza, akaikausha hata katikati ya vidole, akapaka dawa. Kisha akamfungua mdomo, akakata ndoo ya plastiki, akamvisha shingoni ili asijilambe.

"Kila siku mwosheni miguu, mkaushe, mpakeni dawa hii. Asipite kwenye saruji. Msimpe Panadol, inaua mbwa. Akipona, mafuta ya mgando kidogo yanatosha."

Mzee Mfaume alipoelezwa, alikubali kusubiri siku hizo kumi.

Mifuko ikatolewa, Mgambo akatandikiwa blanketi kuukuu. Venance akazungushia wavu sehemu ya matofali, akanunua buti na glovu. Kuosha miguu yake mwenyewe jioni kulimshinda mwanzoni. Siku moja alipanda kitandani hivihivi, Editha akamwambia, "Mgambo kashaoga miguu, bado wewe." Akashuka bila ubishi.

Siku kumi zikapita salama. Baada ya wiki tatu vidonda vikafunga. Asubuhi moja Mzee Mfaume alikuja na karatasi za mkutano wa mtaa, akagusa geti. Mgambo akatoka mbio kwa miguu yote minne, akabweka mpaka kuku wa jirani wakatawanyika.

"Editha!" aliita mzee kutoka mbali. "Mfunge mbwa wako!"

"Nakuja, mzee!" alijibu Editha.

Lakini alisimama mlangoni kidogo, akamwacha abweke.