Wimbo Uliokatishwa

Ukumbi wa mafunzo ya gitaa pale Iringa kwa kawaida ulinuka mafuta ya taa na makoti mabichi, ila asubuhi ile ulinuka udi, na hakuna aliyefukiza.

“Ni mafuta ya nywele ya Mwalimu Kalinga,” alisema Bartholomeo, karani wa bomani. Wenzake wakacheka: watu wazima walioshindwa wiki nzima kubana nyuzi tatu kwa pamoja, lakini kucheka waliweza.

Siwema, binti wa wafanyabiashara waliotoka pwani, hakucheka. Alikuwa na jini, na kila jini ana wimbo wake. Jana yake aliuimba kidogo, akijisahau, Bartholomeo akaudaka.

“Bwana karani, usiupige,” alinong’ona. “Ukiuanza, umalize. Jini akipanda ukakatisha, hashuki.”

“Dada, hayo ya pwani. Kwa baridi hii ya kwetu, majini yanaganda.”

Akaupiga, vibaya kama kawaida yake. Katikati uzi mmoja ulilegea. Akaacha, akaukaza huku akitabasamu.

Kichwa cha Siwema kilianguka kifuani. Kilipoinuka, sauti iliyotoka ilikuwa ya mwanamume.

“Endelea.”

Yunusu, fundi cherehani aliyejua kutuliza majini, aliitwa, akamtazama Siwema, kisha gitaa.

“Aliyempandisha ndiye wa kumshusha, kwa chombo kilekile. Na upesi. Hali, hanywi. Mwili huu haufiki Jumapili.”

Bartholomeo akapiga, akakosea, akapiga tena, na kila alipokosea jini alimcheka kwa kinywa cha Siwema, na kinywa kile kilizidi kukauka na kupasuka, na harufu ya udi ilizidi kuwa nzito mpaka madirisha yakafanya ukungu kwa ndani, na Kalinga, aliyejisifu kufundisha askari huko Burma, akajificha nyuma ya ubao.

“Unapura maharage,” jini alisema. “Na huyo mwalimu wako alifundishwa na nani, mbuzi?”

Ijumaa alasiri mkono wa Siwema ulikuwa wa baridi. Bartholomeo aliweka gitaa magotini, akalia.

“Siwezi.”

“Najua,” jini alisema. “Nipe vidole.”

“Usikubali, mwanangu,” Yunusu alisema polepole.

Karani alimtazama Siwema. Kisha, maana ndivyo alivyokuwa, akalitazama gitaa.

“Chukua.”

Siwema aliteleza kitini, akaomba maji. Wimbo ukapigwa mpaka mwisho, bila kosa hata moja. Kisha ukaanza upya.

Jumamosi wageni walijaa ukumbini, wengine wasafiri waliokuwa wakipita kutoka Mbeya. Bartholomeo alipiga, nyuzi zikageuka nyekundu kwa damu ya vidole vyake. Watu wasiojua tofauti ya uzi uliolegea na uliokazwa sasa walimwita yeye fundi wa gitaa.

“Rudia, karani. Rudia,” walidai, wakipiga makofi.

Siwema, kwenye kiti cha mbele, aliweka mikono yake mapajani. Aliona midomo ya Bartholomeo ikitikisika, akainama karibu.

“Dada,” karani alinong’ona, “waambie wanyamaze. Jini anawapenda, hashuki.”

Vidole vyake vikarudi mwanzo wa wimbo.